Matbaa inapokataa PDF yako: dalili, chanzo na programu ya kuchagua

Swali ninaloulizwa kuliko yote katika chumba cha matayarisho ya chapa ni lile la programu: nitumie ipi ili PDF yangu ikubaliwe na matbaa? Swali ni jema, ila mara nyingi huja likiwa limechelewa, baada ya faili kurudishwa au, vibaya zaidi, baada ya nakala elfu nzima kutoka mashineni zikiwa na kasoro. Kwa sababu hiyo sitaanza na majina ya programu. Nitaanza na kasoro jinsi inavyoonekana kwenye karatasi au kwenye skrini, nifuatilie chanzo chake, kisha ndipo nitaje programu yenye uwezo wa kukiondoa chanzo hicho. Nimeona watu wakilipia programu ya gharama kubwa ili kutibu tatizo ambalo lingeondoka kwa kubadili chaguo moja katika programu waliyokuwa nayo, na nimeona wengine wakihangaika wiki nzima na programu ambayo tangu ilipoundwa haikukusudiwa kufanya kazi hiyo.

Kwanza jipatie vyombo vya uchunguzi, ambavyo vyote ni vya bure. Poppler ni mkusanyiko wa zana ndogo zinazoendeshwa kwa kuandika amri, na ndani yake mna pdffonts inayoorodhesha fonti zilizomo katika faili, pamoja na pdfimages inayoorodhesha picha. Ghostscript husoma faili kama mashine ya kuchapa inavyolisoma. Adobe Acrobat Reader, ambayo watu wengi wanayo tayari, ina uwezo wa kuonyesha baadhi ya makosa ukiiwekea mpangilio sahihi. Kwa vyombo hivi utaweza kuchunguza PDF iliyotoka katika programu yoyote ile bila kuinunua programu hiyo.

Maandishi meusi yana kivuli cha rangi pembeni

Chukua kioo cha kukuzia, kiweke juu ya maandishi ya kawaida ya kitabu na utazame kingo za herufi moja tu, tuseme herufi "a". Ukiona upande mmoja una utepe mwembamba mwekundu na upande wa pili una utepe wa samawati, herufi hiyo haikuchapwa kwa wino mweusi peke yake. Imechapwa kwa wino wa rangi nne zilizopandana, na karatasi iliposogea hata sehemu ya kumi ya milimita ikipita mashineni, rangi hizo hazikuangukia mahali pamoja. Msomaji wa kawaida hatajua kilichotokea; atasema tu kwamba maandishi yanamchosha macho.

Chanzo ni tofauti iliyopo kati ya skrini na wino. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, mfumo unaoitwa RGB, ilhali mashine ya ofseti, ile kubwa inayochapa kwa mabamba, hutumia wino wa siani, majenta, njano na mweusi, yaani CMYK. Katika RGB weusi ni kukosekana kwa mwanga wote. Weusi huo unapogeuzwa kuwa CMYK kwa kufuata profaili ya rangi, yaani faili linaloeleza jinsi wino na karatasi fulani zinavyotoa rangi, kompyuta haitambui kwamba ni maandishi. Huukokotoa kama rangi nyingine yoyote iliyokolea. Kwa profaili ya SWOP, ya kiwango cha uchapaji cha Marekani, ambayo kwa miaka mingi imekuwa chaguo la mwanzo katika Photoshop, matokeo yake ni siani asilimia 75, majenta 68, njano 67 na mweusi 90, jumla asilimia 300 ya wino kwa ajili ya nukta ya mwisho wa sentensi.

Hasara yake si ya macho tu. Kililetwa kwetu kitabu cha mashairi chenye kurasa 128 za ukubwa wa A5, na makadirio ya gharama yalikuwa yamefanywa kwa rangi moja. Kila karatasi kubwa hubeba kurasa 16, nane kila upande, kwa hiyo kurasa 128 huhitaji karatasi nane, na kwa wino mweusi peke yake pleti 16 hutosha (pleti ni bamba la kuchapia, na kila wino huhitaji lake kwa kila upande wa karatasi). Faili lilipoingizwa katika mfumo wa kutoa pleti lilidai pleti 64. Mshairi mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya dawati langu, kurasa zake zikiwa nyeusi tupu kwenye skrini, na ilinibidi nimfungulie pleti ya siani peke yake kwenye skrini ili aone mashairi yake yote yakiwa yameandikwa kwa samawati iliyofifia, ubeti kwa ubeti. Tulirekebisha faili siku hiyo hiyo na kitabu kikatoka salama, lakini laiti lingepita bila kukaguliwa, angelipa gharama ya rangi nne kwa kitabu kisicho na rangi hata moja.

Uchunguzi wake ni mwepesi. Andika amri hii ya Ghostscript katika dirisha la kuandikia amri (terminal), ukiweka jina la faili lako mahali pa kitabu.pdf:

gs -o - -sDEVICE=inkcov kitabu.pdf

Kwa kila ukurasa utapata namba nne, moja kwa kila wino kwa mpangilio wa siani, majenta, njano na mweusi. Ukurasa ambao namba zake tatu za kwanza ni sifuri unatumia mweusi peke yake, na huo hauna tatizo.

Ikiwa kitabu chote ni cha mweusi, huhitaji programu mpya. LibreOffice Writer hutoa PDF katika RGB na haina njia ya kutoa CMYK, lakini faili lake linaweza kugeuzwa kuwa la kijivu na mweusi kwa amri moja:

gs -sDEVICE=pdfwrite -sColorConversionStrategy=Gray -dProcessColorModel=/DeviceGray -o kipya.pdf kitabu.pdf

Baada ya hapo rudia ule uchunguzi wa kwanza, kisha ufungue faili jipya na kulipitia ukurasa kwa ukurasa. Kwa waandishi wengi wa riwaya, tenzi na vitabu vya dini hii ndiyo tiba yote, na ninaisisitiza kwa sababu ndiyo inayowaokolea watu fedha nyingi zaidi.

Ikiwa kitabu kina picha za rangi pamoja na maandishi meusi, mambo hubadilika, kwa kuwa hapo unahitaji programu inayoweza kuweka mweusi wa asilimia 100 kwenye maandishi na wakati huo huo kuacha picha zikiwa na rangi nne. Programu za usanifu kama Scribus, Affinity, InDesign, QuarkXPress na CorelDRAW zote zinaweza. Hata hivyo, kuwa na programu inayoweza si kinga. Ukiingiza maandishi kutoka Word ndani ya InDesign, mara nyingi huja na rangi yake mwenyewe, na katika orodha ya rangi utaona imejipachika jina Word_R0_G0_B0. Huo ni weusi wa RGB uliovaa nguo za mgeni. Ifute na uichagulie mweusi halisi wa programu mahali pake, na maandishi yote yatajirekebisha kwa mara moja.

Rangi zimefifia, au bluu imegeuka zambarau

Dalili hii huleta ugomvi kuliko zote, kwa sababu mteja anakumbuka rangi ya skrini na mpiga chapa anatetea wino wake. Ukweli ni kwamba zipo rangi ambazo mwanga unaweza kuzitoa na wino hauwezi. Bluu kali ya RGB ikigeuzwa kuwa CMYK huelekea zambarau, na kijani cha kung'aa hupoa. Programu haiwezi kuondoa mpaka huo, ila programu nzuri hukuonyesha mapema mahali mpaka ulipo, ili uchague rangi nyingine ukiwa bado mezani kwako.

Hapa ndipo tofauti za programu zinapokuwa na uzito. Inkscape, ambayo ni chombo kizuri sana cha kuchora nembo na vielelezo, hutoa PDF yenye rangi za RGB. Canva hutoa PDF ya kuchapa kwa watumiaji wote, lakini chaguo la CMYK limewekwa kwa wanaolipia. Scribus inafanya kazi katika CMYK na ni ya bure kabisa, ila ina mtego mmoja unaowanasa wageni: wakati wa kutoa PDF, katika sehemu ya rangi, chaguo lililokuwapo tangu mwanzo ni la skrini na tovuti, na usipolibadilisha kuwa la printa, rangi zako zote zitatoka kama RGB hata kama ulizitengeneza kwa CMYK. Kadhalika, viwango vya PDF/X, yaani PDF zinazofuata masharti maalumu ya faili za kuchapa, havionekani kama chaguo katika Scribus mpaka uwe umewasha usimamizi wa rangi. Nimesikia watu wakisema Scribus haina PDF/X, na wote walikuwa hawajawasha kitu hicho kimoja.

Iulize matbaa inataka profaili gani, na usikisie. Karatasi inayong'aa hubeba wino mwingi, kwa kawaida jumla ya asilimia 300 hadi 330, ilhali karatasi ya gazeti hunywa wino na kikomo chake ni karibu asilimia 240. Tangazo lililoandaliwa kwa jarida la karatasi inayong'aa likipelekwa gazetini bila kugeuzwa, sehemu zake zenye kiza huwa tope, na wino huhamia ukurasa wa pili.

Kama kazi yako itachapwa kwa mashine ya kidijitali badala ya ofseti, tuseme kadi 100 za harusi, jambo hili ni jepesi zaidi, kwa kuwa mashine nyingi za aina hiyo hupokea RGB na kuigeuza zenyewe vizuri. Hapo usihangaike kununua programu kwa ajili ya CMYK.

Ukingo mweupe umebaki baada ya kukata

Karatasi hukatwa zikiwa rundo, na kisu huweza kupotoka kidogo. Kwa hiyo kila rangi au picha inayofika ukingoni lazima ivuke mstari wa kukata, kwa kawaida kwa milimita 3 kila upande. Mafundi huiita ziada hiyo blidi. Ukurasa wa A5, wenye milimita 148 kwa 210, unapaswa kuwa na eneo la milimita 154 kwa 216.

Chanzo cha kwanza ni programu isiyoijua blidi kabisa, na Word na LibreOffice Writer zimo katika kundi hilo. Njia ya kupita ni kuweka ukubwa wa ukurasa uwe milimita 154 kwa 216 tangu mwanzo, kuongeza milimita 3 katika kila pambizo, na kuiarifu matbaa kwa maandishi kwamba kipimo cha mwisho ni A5. Bila taarifa hiyo wataupunguza ukurasa wote ili uingie katika A5, na blidi yako itakuwa imerudi ndani.

Chanzo cha pili kinasikitisha zaidi, kwa sababu kazi ilikwisha kufanyika: msanifu aliweka blidi katika Scribus au InDesign, akanyoosha picha zake hadi nje ya ukurasa, halafu wakati wa kutoa PDF hakuweka alama kwenye chaguo la kutumia blidi ya dokumenti. Faili hutoka limekatwa sawasawa na ukurasa. Kabla ya kulaumu programu, fungua PDF na usome kipimo chake katika sehemu ya maelezo ya faili. Ukiona 148 kwa 210, blidi haimo.

Picha zina ukungu au vigae

Kwa picha zitakazochapwa kwenye karatasi nzuri, kipimo kinachokubalika ni pikseli 300 kwa inchi katika ukubwa zitakaochapwa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 inatosha kuchapwa kwa upana wa takriban sentimita 34. Picha hiyo hiyo ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida, mara nyingi hupunguzwa hadi karibu pikseli 1,600 upande mrefu, na ukiijaza ukurasa wa A4 unapata pikseli 137 tu kwa inchi. Mwambie aliyepiga picha akutumie kama dokumenti, si kama picha, na faili litafika kama lilivyo.

Ikiwa picha ya asili ni kubwa na bado inatoka na ukungu, chunguza programu. Word hubana picha wakati wa kuhifadhi, na ndani ya mipangilio yake ya ziada kuna chaguo la kuizuia isifanye hivyo, ambalo ni lazima uliwashe kabla ya kuingiza picha, kwa kuwa iliyokwisha kupunguzwa hairudi. LibreOffice nayo hupunguza picha hadi 300 wakati wa kutoa PDF, jambo lisilo na madhara kwa picha za kamera lakini linaloharibu michoro ya mistari na hati zilizoskaniwa, ambazo huhitaji kipimo kikubwa zaidi. Amri ya pdfimages -list itakuonyesha kila picha pamoja na pikseli zake kwa inchi, na huo ndio ushahidi usiobishaniwa.

Herufi zimebadilika, zimeachana au zimekatwa vibaya

Endesha pdffonts na usome safu yenye neno emb. Kila fonti inapaswa kuwa na jibu la ndiyo. Penye hapana, fonti haikupachikwa, na mashine ya matbaa itaweka nyingine mahali pake, hivyo mistari itahama na kurasa zitaongezeka au kupungua. Wakati mwingine ni leseni ya fonti inayozuia kupachikwa, na dawa yake ni kubadili fonti. Kiwango cha PDF/X hakikubali faili lenye fonti isiyopachikwa, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kupendelea programu inayotoa PDF/X.

Kwa vitabu vya dua, kasida na maulidi, ambavyo huchanganya Kiswahili na maandishi ya Kiarabu, kuna kasoro inayoumiza: herufi za Kiarabu zinatoka zimeachana, au zinasomeka kutoka kushoto. Hapa fonti inaweza kuwa nzima kabisa na kosa likawa la programu isiyojua kuunganisha herufi. Scribus ilipata uwezo huo kuanzia toleo la 1.5.3, na InDesign inao iwapo utachagua mpangilio wa aya wa lugha za dunia (World-Ready Paragraph Composer) badala ya ule wa kawaida. Kabla ya kuamua programu kwa kitabu cha namna hii, ingiza aya moja tu yenye irabu zote, itoe kama PDF, na umpe msomaji wa Kiarabu aipitie. Aya tukufu haifai kuachiwa bahati.

Kiswahili nacho kina madai yake. Programu ikiachwa katika lugha ya Kiingereza hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na unapata "wanafun-zi" badala ya "wanafu-nzi". Ikiwa programu haina kanuni za kukata maneno ya Kiswahili, zima ukataji wote na upange maandishi kwa upande wa kushoto. Ukurasa utapendeza zaidi kuliko ule uliojaa silabi zilizovunjwa.

Maneno meupe yametoweka, au kivuli kimezungukwa na kisanduku

Maneno meupe juu ya rangi yakionekana kwenye skrini na kukosekana kwenye karatasi, yamewekewa agizo la kuchapwa juu ya rangi iliyo chini yake, na kwa kuwa weupe hauna wino, hakuna kinachochapwa. Mara nyingi yalikuwa meusi kwanza, yakabadilishwa rangi, na agizo likabaki. Katika mapendeleo ya Acrobat Reader, washa uonyeshaji wa rangi zinazochapwa juu ya nyingine uwe wa wakati wote, nawe utayaona yakipotea mbele ya macho yako.

Visanduku na mistari myeupe kuzunguka vivuli hutokana na uwazi (sehemu zinazopenyeza kilicho chini yake) uliobapishwa vibaya, yaani uliounganishwa vibaya na vilivyo chini yake kuwa tabaka moja. PDF/X-1a, kiwango cha mwaka 2001, hakiruhusu uwazi ulio hai, hivyo programu hulazimika kuubapisha, na hapo ndipo vipande hukosa kuungana. PDF/X-4 huuacha uwazi kama ulivyo hadi kwenye mashine. Chagua X-4 kama matbaa inaipokea, na urudi X-1a pale tu wanapoidai.

Programu ipi basi

Kwa kitabu cha maandishi meusi, baki na Word au LibreOffice na ujifunze Ghostscript. Kwa kitabu chenye picha, jarida, kalenda au jalada, ningemshauri anayeanza bila fedha achague Scribus, hasa kama kompyuta yake ni ya Linux au ni ya zamani, kwa sababu ukaguzi wake wa kabla ya chapa humtajia makosa mengi niliyoyaeleza. Affinity, ambayo tangu Oktoba 2025 inatolewa bila malipo kwa mwenye akaunti ya Canva, ni nyepesi kujifunza na hutoa PDF/X. InDesign inastahili malipo yake ya kila mwezi pale unapoishi kwa kazi hii au unapobadilishana mafaili na wachapishaji wanaoitumia. CorelDRAW inafahamika sana katika vituo vya chapa mitaani, na kwa kadi na mabango inatosha, ila siipendekezi kwa kitabu kirefu.

Anayeendelea kutumia Microsoft Publisher ana jambo la haraka zaidi. Microsoft imetangaza kuwa msaada wa programu hiyo unakoma Oktoba 2026. Fungua kazi zako za zamani sasa, zitoe zote kama PDF zenye ubora wa kuchapa, na uhifadhi maandishi na picha zake kando, kila kazi katika folda yake, ili utakapotakiwa kuchapa toleo la pili uwe na kitu cha kuingiza katika programu mpya.